Kisanduku Kilicholia Mbele ya Wageni

Nyumbani kwetu,
Nyuma ya stendi,
Jumamosi, tarehe 14.

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa dada yako, zikukute mzima wewe, wifi yangu na wanangu wote hapo nyumbani. Vipi mgongo, bado unakusumbua ukiinama? Na wifi, kile kikohozi kilimwachia? Sisi huku tunapumua. Mama magoti hayamwelewi, lakini ulimi haujapata ugonjwa wowote, anatusema tangu asubuhi. Macho yangu ndiyo yameanza kunisaliti, siku hizi kutunga uzi kwenye sindano mpaka nimwite mtu. Ila mshono wangu bado umenyooka, muulize yeyote.

Nimekutafuta kwa simu mpaka nimechoka. Namba yako haipatikani, na ya wifi inapokelewa na mwanamume mmoja anayeniambia nimekosea, na sasa tumezoeana mpaka ananiuliza habari za nyumbani. Ndiyo maana naandika. Aliyekupa barua hii mkononi ni binti yangu, mpwa wako Kimya, kama urefu wake umekupoteza. Mpe maji, mwache akae, kisha isome mwenyewe, polepole, usimsomee mtu.

Jina hilo ulimpa wewe. Alipokuwa mchanga alikuwa akilia cherehani ikisimama na kutulia ikizunguka, ukasema huyu mtoto kimya chake kinatoka kwenye mashine. Basi hajabadilika. Yuko mwaka wa mwisho chuo cha ufundi, umeme na elektroniki, na sisemi kwa sababu ni wangu, ingawa ni wangu, lakini darasa zima hakuna anayemfikia. Mwalimu wa karakana aliniambia hivyo mbele ya wazazi wengine, na nikamwomba arudie maana kuna mama mmoja wa nyuma hakusikia.

Nikueleze alichotengeneza. Ni kisanduku kidogo, ukubwa wa kipande cha sabuni, kina waya unaoishia kwenye kidude cha kubandika. Ukikibandika ubavuni mwa mashine kinasikiliza mtetemo wake. Kinajua mashine isiyo na hitilafu inatetemekaje, kwa hiyo beringi ikianza kuchoka kinawasha taa nyekundu na kulia kabla hata fundi hajasikia kitu. Alianza na cherehani yangu. Akaniambia, mama, mota inakufa. Nikamwambia cherehani hii imekulea, iheshimu. Ikakwama katikati ya sare za shule, nguo za watu zimejaa hadi kitandani. Tangu hapo nikawa mtangazaji wake. Mtaa mzima unakijua kisanduku kile, hata wasiojua beringi ni nini.

Sasa sikia balaa. Chuo kimeshikana na kiwanda cha biskuti cha hapa mjini. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hamalizi mpaka akae kiwandani miezi mitatu, aijaribu kazi yake kwenye mashine inayozalisha kweli, na mhandisi wa kiwanda athibitishe kwamba inafaa. Wengi wakishaingia hivyo hawatoki, wanaajiriwa hukohuko. Chuo kizima kinaishi kwa mlango huo, na Kimya alishaahidiwa kuwa wa kwanza kuupita.

Ikaja siku ya maonyesho ya ubunifu. Kiwanda kilileta zawadi, mashine ya kufungashia, imepakwa rangi mpya mpaka inang'aa, imezungushiwa utepe. Mkuu wa chuo alikuwa amewaambia wanafunzi hataki michoro ukutani, anataka wageni waone vitu vinavyofanya kazi. Na mle ukumbini mashine iliyokuwa inazunguka ilikuwa moja tu, ile ya zawadi. Unajua tena Kimya. Aliona mashine, akabandika.

Meneja wa kiwanda yuko katikati ya hotuba, anasema mashine hii itawahudumia vijana hawa na wadogo zao na watoto wao. Kisanduku kikalia.

"Nini hicho kinalia?" akauliza.

"Ni beringi ya mbele, mzee," Kimya akajibu. "Imekwisha. Haimalizi mwezi."

Vijana wa nyuma wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa mstari wa mbele na gauni langu la bluu. Nilichoelewa ni kwamba kisanduku cha mwanangu kimefanya kazi mbele ya wageni. Nikasimama nikapiga makofi. Nilipiga peke yangu, mdogo wangu, na sikuacha mpaka mwalimu wa karakana aliponivuta mkono nikae. Meneja alicheka kwa meno tu. Mkuu wa chuo hakucheka kabisa.

Wiki iliyofuata darasa lake lote liliitwa kiwandani, hadi yule kijana anayeshika koleo kama kijiko cha uji. Kimya akaambiwa nafasi za elektroniki zimejaa. Nikavaa nikaenda mwenyewe getini.

Mlinzi akaniangalia juu mpaka chini. "Mama, si wewe uliyepiga makofi?"

"Ndiye mimi."

"Basi rudi nyumbani, mama yangu. Humu ndani mpaka wapishi wanakujua."

"Mwambie meneja nimekuja kuomba radhi."

"Hiyo radhi ndiyo itamkumbusha. Mwache asahau."

"Atasahau lini?"

"Huyu? Akistaafu."

Alinipa kiti na maji, wala sikumwona na ubaya. Lakini geti halikufunguka.

Na ile mashine unajua imefanywaje? Imefunikwa turubai. Haijawashwa tangu siku ile. Ikiwashwa ikafa, mwanangu atakuwa amesema kweli. Isipowashwa, anabaki kuwa msichana aliyeaibisha wageni. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanapita pembeni yake wakienda kujifunzia kwenye mashine za kizamani ambazo viwandani hazipo tena, halafu siku wakitoka wataulizwa mbona hamjui kazi.

Tumehangaika, mdogo wangu. Kiwanda cha sabuni wanataka mwenye uzoefu, na huo uzoefu ndio tuliokwenda kuuomba kwao. Watu wa maji wakasema aje mwakani. Gereji moja kubwa, fundi mkuu akamwambia yeye anasikiliza injini kwa masikio aliyopewa na Mungu, ya kisanduku hayataki, kisha akamuuliza kama anajua kupika. Nikajibu mimi. Nilichojibu hakiandikiki. Kila geti tulilokwenda nilikuwa nasema sana na yeye anasimama nyuma yangu, na kila tukirudi hatua zake zinazidi kuwa fupi.

Mkuu wa chuo ameshatamka. Mwezi huu ukiisha bila kiwanda chochote kumpokea, mahali popote pale, Kimya anafutiwa mwaka. Na ufadhili wake ni wa mwaka huu tu, hakuna wa kurudia. Maana yake hamalizi. Miaka yote ile, halafu aje akae hapa mlangoni anisaidie kutia vifungo. Sidharau kazi yangu, imewalea wengi na wewe ukiwemo. Lakini ule si mkono wa vifungo. Ungeuona unavyoshika waya, ungesema umezaliwa nao.

Kinachonitisha zaidi si chuo, ni yeye mwenyewe. Alikuwa ameshakubali kuuza makava ya simu kwenye kibanda cha stendi, aanze Jumatatu. Vifaa vyake alivifunga kwenye kipande cha pazia, akavisukuma chini ya kitanda. Juzi nikawasha cherehani, ile mota mpya tuliyoitia baada ya ya zamani kufa ikawa inakoroma, hata mimi niliisikia. Nikamtazama. Hakuinua kichwa.

"Husikii?" nikamuuliza.

"Nasikia, mama."

"Mbona husemi?"

"Nilisema siku moja," akanijibu. "Imetosha."

Nilizima cherehani nikatoka nje, nikajifanya naanua nguo. Kamba ilikuwa haina nguo.

Sasa ombi langu. Wewe ni msimamizi wa mafundi kwenye kiwanda cha mabomba. Mhandisi wenu anakusikiliza. Hapa mtaani nimeshasema kwamba wewe usipoamka kiwanda hakiwaki, na sitaki kuambiwa kama nimezidisha. Mchukue hiyo miezi mitatu. Alale hata jikoni, si mtu wa makuu, na chakula chake ni kidogo ila chai anaipenda. Mpe mashine moja akibandike kisanduku chake. Mpe hata ile mbovu kuliko zote, hasa hiyo.

Na umfundishe jambo ambalo chuo hakikumfundisha, na mimi sikuweza kwa sababu na mimi silijui. Mashine ya mtu ni kama mtoto wake. Ukimwona ana homa humtangazi ukumbini, unamvuta mzazi pembeni mnaongea chemba. Akigundua kitu, akwambie wewe kwanza, wewe umwambie mhandisi. Sitaki aache kusema. Nataka ajue anaanzia kwa nani.

Sasa nikwambie kosa langu. Umeona bahasha nimeishona kwa uzi pande zote. Ni kwa sababu Kimya hajui ninachokuandikia. Alikataa kusafiri. Alisema hawezi kwenda kusimama kwenye geti jingine aambiwe hapana. Nikamwambia nimekupata kwa simu ya jirani. Nikamwambia umeshazungumza na mhandisi, amekubali, wanamngoja yeye tu. Nikaongeza kwamba ulifurahi mpaka sauti ikakukwama. Uongo ukishaanza kutoka, unatoka na mapambo yake.

Alinitazama. Nikadhani amenijua. Kisha akapiga magoti akavivuta vifaa vyake chini ya kitanda, akaanza kukifungua kile kipande cha pazia, taratibu, fundo moja baada ya jingine, akakagua kila kitu kama anakisalimia. Akaniomba mafuta kidogo ya cherehani asafishie koleo. Baada ya hapo nisingeweza kumwambia ukweli, hata ningepewa nini.

Kwa hiyo hivi sasa unavyosoma, yeye anajua mambo yameshakamilika. Labda anakutazama. Nakuomba uso wako usibadilike. Kama ni kunigombeza, nigombeze kwa barua, nitaisoma yote na sitajitetea. Yeye usimwambie. Kimya akishalala, nenda kwa mhandisi usiku huohuo, kabla hujafika naye getini, useme unavyojua kusema. Akikataa, bisha hodi kiwanda cha pili, na cha tatu. Bisha wewe, yeye umwache nyumbani na wifi, asilisikie tena lile neno. Nimeshalisikia kwa niaba yake mara nyingi, na mdogo wangu, mimi mwenyewe sasa naliogopa.

Msalimie sana wifi. Foronya zilizomo kwenye mfuko wa Kimya ni zake, nimeshona mwenyewe kwa hiyo hazifumuki. Kaptula ni za wanangu, nimekisia vipimo, kama ni ndogo basi wewe ndiye unayewalisha vizuri. Mama anakusalimu, anasema anataka kukuona kabla magoti hayajakataa kabisa. Mdogo wetu wa mwisho naye anakusalimu, amepata kazi ya kupiga rangi na siku hizi hata salamu anazitoa kwa kujivuna, sijui amerithi kwa nani. Fundi viatu wa hapa jirani anauliza kama bado unavaa vile viatu alivyokutengenezea.

Mungu aitunze mikono yako na vidole vyote kwenye hizo mashine zenu, akupe maneno mazuri mbele ya mhandisi, na akuzidishie kwa kila utakachomtendea huyu mtoto.

Sasa kunja karatasi, itie mfukoni. Mtazame. Mwambie alale mapema, kesho asubuhi mnatoka pamoja.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata hivi ulivyonikasirikia,

Mama Kimya.