Mkanda wa Bawabu

MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI
Jina: Filimbi, ndivyo ninavyoitwa kazini. Umri: miaka 56. Kazi: mkufunzi wa mbwa wa kunusa mizigo, yadi ya makontena. Makazi: nyumba za wafanyakazi, chumba namba 4.

Maelezo niliyotoa hapa juzi, kwamba sijui kilichomuua mbwa aitwaye Bawabu, si ya kweli. Najua.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, saa nne na nusu asubuhi, mpwa wangu, ambaye ndiye aliyekabidhiwa Bawabu, aliniachia kamba ili ampeleke mwanawe kwenye chanjo. Aliniambia, "Mjomba, mkanda ukilia, mpumzishe." Nikamjibu kwamba nimefundisha mbwa kabla yeye hajaota meno.

Mkanda huo hufungwa kifuani mwa mbwa, unapima joto la mwili wake. Likizidi unalia, na kwenye kompyuta ya ofisini taa inakuwa nyekundu, kazi inasimama mpaka apoe. Hadi saa tano na nusu ulikuwa umeshalia mara tatu, na malori yamejipanga mpaka barabarani. Dereva mmoja akasema mbwa wa Filimbi siku hizi anadeka kama bibi harusi. Wenzake wakacheka. Mimi kuchekwa siwezi, ndiyo tabia yangu.

Nilimvua Bawabu mkanda, nikamfunga nao mbwa kikongwe anayelala kivulini kwenye kibanda cha mlinzi. Taa ikawa kijani. Bawabu alinusa makontena kumi na moja zaidi kwenye jua lile. Hakugoma hata mara moja, maana mimi ndiye niliyemfundisha asigome. Saa saba kasoro robo miguu ya nyuma ilimwisha nguvu, akalala juu ya viatu vyangu. Nilimmwagia maji, lakini nilikuwa nimechelewa. Kabla sijaita mtu, nilimvua yule kikongwe mkanda, nikauzima usisome joto, nikamrudishia Bawabu.

Kwa kuwa kompyuta ilionyesha kwamba tangu saa tano na nusu mbwa hakuzidiwa na joto, meneja alisema amelishwa sumu. Aliyemlisha asubuhi ile ni mpwa wangu. Mkamkamata. Nikaulizwa, nikasema sijui.

Jana jioni dada yangu, mama yake, alikuja chumbani kwangu. Alinishika mikono akasema, "Kaka, mwanangu ana wewe tu wa kumsemea." Nikamkaribisha chai. Yake aliimaliza. Yangu niliimwaga nje alipoondoka. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia mbele ya dada yangu.

Mpwa wangu hana kosa lolote. Hilo ndilo lililonileta, na nimelisema bila kulazimishwa na mtu.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya askari: Nimemsomea shahidi maelezo haya, amekubali ni yake. Ameomba kwamba mpwa wake atakapotolewa mahabusu, yeye shahidi apitishwe mlango wa nyuma, kwani hawezi kumtazama usoni. Nimemjibu kuwa kituo hiki kina mlango mmoja.
Koplo wa zamu, saa 3:20 asubuhi.