Karatasi Niliyoifuata Kasanga

Kambini,
Jumapili, baada ya ibada.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Naomba barua hii ikukute mzima, na kile kikohozi kilichokushika wakati wa baridi kiwe kimekuachia. Mimi mwanao sijambo. Mwili umepungua, nyayo zimekomaa, na nguo nilizokuja nazo zinanipwaya, lakini afya ninayo. Simu zetu zilikusanywa siku ileile tuliyofika, ndiyo maana umesikia kimya. Leo tumeruhusiwa kuandika nyumbani, nami naipitisha barua kwenye sanduku la posta la shule anayosoma Anjela. Huyo mdogo wangu akitaka kukusomea, mwambie asubiri. Isome wewe kwanza, peke yako.

Huku ni joto, Baba. Wiki ya kwanza nililala juu ya shuka badala ya chini yake. Wenzangu waliposikia natoka Sumbawanga waliniuliza kama nimekuja kwa basi au kwa ungo. Nikawaambia nimekuja kwa basi, ungo tumeuacha nyumbani tunapepetea ulezi. Walicheka, na tangu siku hiyo wananiita Rukwa. Tunaamka kabla ya jua, tunakimbia mchakamchaka tukiimba, halafu kwata mpaka magoti yanatetemeka. Mchana tunakwenda shamba la kambi, na huko ndiko ninakopumzika, maana wengi wao jembe wanalishika kama mwiko.

Lakini sikukaa kuandika kwa sababu ya joto na jembe. Kuna jambo nilishindwa kukuambia siku uliponisindikiza stendi, na limenikaa kifuani mpaka leo.

Unakumbuka wiki ile ya usaili wa jeshi pale mjini. Mbio nilimaliza wa pili kati ya wasichana. Daktari akanipima macho, meno na miguu, hakuona kasoro. Nilikwama kwenye meza ya vyeti. Pale alikaa sajini mmoja mwanamke, mtu wa maneno machache, anayesoma karatasi kwa kidole, mstari kwa mstari. Akataka cheti cha kuzaliwa. Sikuwa nacho. Akasema bila hicho haniandiki, akanipa mpaka Ijumaa saa sita mchana. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Nilirudi nyumbani Pito nikakuomba cheti changu cha ubatizo, kwa kuwa nilikuwa nimeambiwa kwamba kwa hicho ningepata cha kuzaliwa. Ukasema kililiwa na mchwa. Nikakuomba tushuke wote Kasanga, nilikozaliwa, tukachukue nakala. Ukasema ulezi umekauka, hauwezi kungoja. Nikakasirika. Nikakuambia hutaki niende jeshini, unataka nizeekee kwenye shamba lako. Ulisimama ukatoka kwenda kuwaangalia ng'ombe. Baba, naomba unisamehe kwa maneno yale. Nilikuwa sijui ninachokisema.

Kesho yake asubuhi nilipanda lori la mizigo nikashuka Kasanga peke yangu. Parokiani nilimkuta katekista, mama mtu mzima mwenye sauti ya taratibu. Alitoa kitabu kikubwa cha ubatizo, akafunua, akalipata jina langu na jina la marehemu mama. Kisha akakigeuza kitabu nisome mwenyewe. Kwenye mstari wa baba paliandikwa Gaspari Sikazwe, na mbele yake neno moja: marehemu.

Nilimwambia amekosea ukurasa.

"Sijakosea, binti," akasema. "Siku hiyo nilikuwepo."

Alinipa kiti, akanisimulia. Gaspari alikuwa akisafiri na maboti ya mizigo yanayovuka ziwa kwenda Kongo, na dhoruba ikamzamisha wakati mama akiwa na mimba yangu ya miezi mitano. Mama alimngoja hata matumaini yakaisha. Mwaka uliofuata akaja mwanamume kutoka Ufipa juu, aliyezoea kushuka na mahindi ya kuuza. Akamuoa mama nami nikiwa bado nanyonya.

"Siku ya kuondoka alikubeba mwenyewe mgongoni, kwa kanga ya mama yako," katekista akaniambia. "Wanaume pale gatini walimcheka. Hakugeuka hata mara moja. Ndiye huyo uliyemwacha nyumbani."

Nilitoka nikaenda kukaa karibu na maji. Wanawake walikuwa wakianika dagaa, na mimi nilikuwa nalia bila kujua namlilia nani, yule nisiyewahi kumwona au wewe. Sikukasirika, Baba. Nataka ulijue hilo kabla ya lolote. Niliwaelewa wale mchwa. Nilielewa kwamba hukuwa unaliogopa jeshi, ulikuwa unaogopa nisije nikakifikia kitabu kile nikarudi nikiwa mtoto wa mtu mwingine.

Jumatano, njiani kurudi, nilishuka Matai kwenye ofisi ya wilaya na nakala ya ubatizo aliyonipa katekista, wakanitolea cheti cha kuzaliwa. Kilikuwa na jina la Gaspari. Vyeti vyangu vyote vya shule vina jina lako. Nilipofika mjini, karibu na uwanja wa usaili, kulikuwa na mtu mwenye mkoba wa karatasi aliyekuwa akiwavizia wenye shida kama yangu. Aliangalia vyeti vyangu mara moja tu, akatabasamu, akasema kesho asubuhi ningekuwa na kingine kisafi, chenye jina la baba ninalolitaka mimi.

Nakiri nilisimama pale kwa muda mrefu. Sikuwaza jeshi tu. Niliwaza kwamba nikiipata karatasi ile hutajua kamwe kwamba nimejua, nawe utaendelea kula ugali wako kwa amani. Halafu nikamfikiria yule aliyezama akitafuta riziki ya mtoto ambaye hakuwahi kumwona. Nikaona siwezi kumfuta, na siwezi kukushukuru wewe kwa uongo. Nikamrudishia mtu yule tabasamu lake nikaondoka.

Alhamisi asubuhi niliweka vyeti vyote mbele ya sajini. Kidole chake kikapita huku na huku, kikasimama.

"Una baba wawili hapa," akasema.

Nikamjibu: "Ndiyo, Afande. Mmoja alinizaa, mmoja amenilea. Nimejua juzi."

Aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. "Jeshi halina ugomvi na mtoto aliyelelewa," akasema. "Lina ugomvi na karatasi ya uongo. Wiki hii nimewarudisha wanne."

Akanielekeza niende mahakamani nikaape kwamba majina yale mawili, la cheti cha kuzaliwa na la vyeti vya shule, ni yangu mimi mmoja, nikiwa na ndugu mtu mzima wa kunishuhudia. Nilimwendea Mama Mdogo pale sokoni, kwenye meza yake ya maharage. Alipoona karatasi mkononi mwangu alikaa chini akalia, akasema alikuahidi siku ya mazishi ya dada yake kwamba jambo hilo halitatoka kinywani mwake. Kisha akajifunga kitenge vizuri, akafunika maharage yake, tukaenda. Usimlaumu, Baba. Halikutoka kinywani mwake, lilitoka kitabuni.

Ijumaa kabla ya saa sita nilikipeleka kiapo. Sajini akakisoma chote, akagonga muhuri. Nilidhani amemaliza nami, nikageuka kuondoka, akaniita.

"Sasa nenda kamshukuru aliyekulea."

Nikaja Pito, na nikashindwa. Nilikuambia tu kwamba nimepita. Wewe ukamkamata kuku, ukamchinja, hukuuliza cheti kimepatikana wapi. Tulikula wote watatu, na kila nilipotaka kusema nilimwona Anjela anacheka, nawe ukiwa na furaha yako, maneno yakarudi tumboni. Hata stendi nilikushika mkono nikakuamkia mara ya pili kama mtu asiyejua alichofuata.

Basi nakushukuru leo. Ahsante kwa mgongo wako. Ahsante kwa siku uliyonipeleka darasa la kwanza ukamwambia mwalimu aandike Yustina Leonsi Kapele bila kusita. Mama alipofariki ungeweza kunirudisha kwa wajomba, na hakuna ambaye angekulaumu. Ulinisuka nywele vibaya mwaka mzima mpaka Bibi akakuonea huruma akachukua kazi hiyo.

Ninalo ombi. Nikipata likizo tushuke wote Kasanga, tukamwombee Gaspari misa. Nadhani angependa kukuona.

Bibi yangu mpe shikamoo nyingi, mwambie nakula na nashiba. Anjela mwambie asome hesabu, huku wanaziuliza kuliko nilivyodhani. Mama Mdogo msalimie, naye ajue nimekwisha kukuandikia, asiogope tena kukutembelea. Nisalimie na jirani yetu anayekuja kuazima plau na ng'ombe wa kulimia, mwambie mwaka huu asiwachoshe ng'ombe wetu.

La mwisho, Baba. Juzi tulijaza fomu za familia. Karani aliyekuwa akiandika aliniuliza kama baba yangu yu hai. Yeye aliuliza kama anavyomuuliza kila kuruta, bila kuinua kichwa.

"Yu hai, Afande," nikasema. "Anaitwa Leonsi Kapele. Mkulima, Pito."

Akaandika. Mafunzo yakiisha kutakuwa na gwaride, na wazazi watawekewa viti mbele. Barua ya mwaliko itakuja kwa jina lako. Njoo, Baba. Nitakuwa mstari wa pili, nimenyoosha shingo mbele, siruhusiwi kugeuka, lakini nitajua umekaa wapi.

Ni mimi binti yako,
Yustina Leonsi Kapele