Mtungi Uliotuliwa Mara Tatu

Mjukuu wangu Neema,

Sisi huku Igowole ni wazima. Bibi yako amepona mafua. Umeniuliza kama kuna haja ya kwenda hospitali kwa uchovu tu, ilhali kifua hakikuumi.

Katika miaka ya hamsini nilikuwa mganga msaidizi, nimetoka chuoni karibuni, nikijiona sina la kujifunza. Mama mmoja aliletwa zahanati na baba mkwe wake. Kwa desturi, mkamwana hasemi mbele ya mkwewe, basi nikamwuliza mzee.

"Anaumwa kifua?"

"Hapana, Bwana Mganga. Ni uvivu umemwingia."

Nikaandika "uchovu", nikampa vidonge vya kuongeza damu. Wifi yake, aliyekuja nao, alibaki nyuma mlangoni.

"Usimsikilize baba," akaniambia. "Zamani wifi yangu alipanda na maji kutoka mtoni bila kusimama. Sasa anautua mtungi mara tatu. Mvivu hupumzika nyumbani, Bwana Mganga. Huyu anapumzika njiani."

Niliona haya kufuta nilichokwisha kuandika kwa mwandiko mzuri. Mama yule hakufikia mavuno. Mkuu wangu alisema moyo ndio uliokuwa mgonjwa, na kwamba kama ugonjwa ungetambuliwa mapema, dawa zilikuwapo.

Tangu hapo wakwe walisubiri nje, nami nikamwuliza kila mwanamke anautua mzigo mara ngapi.

Umeandika kwamba ngazi za bweni sasa unazipanda kwa vituo viwili. Nenda kesho, mama, na uwaambie hivyo hivyo, usiseme ni uchovu tu.

Babu yako, anayesubiri jibu la daktari kabla ya salamu.