Jina la Thelathini na Moja

Mwembesongo,
Morogoro.
29 Desemba, 1994.

Mpendwa mdogo wangu Severin,

Tumsifu Yesu Kristo. U hali gani huko Mererani? Kifua chako kinasemaje na hilo vumbi la machimboni? Unakula? Unalala penye paa? Ungekuwa hapa mbele yangu ungekwishaniamkia, kwa hiyo shikamoo yako naipokea hata kama hujaiandika: marahaba, marahaba sana, mdogo wangu.

Sisi tu wazima kwa rehema za Mungu. Mama yuko Mkuyuni, mguu unamsumbua mvua zikinyesha, lakini shambani anakwenda tu, hasikii la mtu. Kila anayekuja mjini kuuza ndizi anatumwa kwangu aulize kama kuna barua yako. Namjibu bado. Hii ni ya tatu ninayokuandikia tangu Septemba. Mbili nilizitia posta, sijui kama zilipotea au zilifika ukaziweka. Hii nampa Paulo, dereva wa lori la mbao, akutafute mpaka aitie mkononi mwako.

Sasa nikueleze lililotokea Jumatatu, maana nikilinyamazia litanichoma.

Kwaya yetu mwaka huu imefanya mchezo wa Noeli, na mchezo wenyewe ni wa kuimba mwanzo mpaka mwisho. Mwalimu Erick, yule kijana wa kinanda aliyehamia kutoka Singida, ndiye aliyetunga nyimbo zote. Kanisani hapatoshi, tukaomba bwalo la kiwanda. Bwalo unalijua, umekula humo miaka tisa. Siku hizi kalikodi mfanyabiashara anaonyesha video, ukutani kabandika watu wa karate wanarusha mateke. Tuliwafunika kwa khanga, ila mmoja mguu wake ulibaki nje, basi Bethlehemu yote ikawa chini ya unyayo wake. Wachungaji walijitanda blanketi za kiwanda, zile za kijivu. Maria alikuwa mpwao Scholastika.

Na karani wa Kaisari, yule anayesimama na karatasi kuwaita watu wakaandikishwe, alikuwa shemeji yako Athanas.

Najua umekunja uso. Hata mimi nilikunja. Wanaume watatu walikataa kushika karatasi mbele ya watu wa kiwandani, na Mwalimu Erick kwa ugeni wake akatafuta sauti nzito tu. Nilimwambia mume wangu, "Baba Schola, kataa. Atapatikana mwingine." Akanijibu, "Wakinizomea, wanizomee siku moja yaishe. Hii ya kuninyamazia imenishinda."

Maana hawamsemeshi, Severin. Tangu asubuhi ile ya Agosti aliposimama juu ya kreti la soda pale getini akasoma majina arobaini na matatu ya wanaopunguzwa kazini, akifika kwenye benchi la kahawa kila mtu anakumbuka ana kazi nyumbani. Dukani anapewa sabuni bila neno. Wewe mwenyewe siku ya kuondoka hukumpa mkono. Ulimwuliza tu, "Shemeji, jana yake nilikula kwako, ukanisogezea bakuli la nyama. Ulijua?" Akasema karatasi alipewa na wakubwa asubuhi ile ile. Ukamwangalia, ukachukua mfuko wako. Sikutoneshi kidonda, mdogo wangu. Nakukumbusha kwa sababu ya yanayofuata.

Mchezo ulipangwa saa kumi na moja jioni, tuwahi kabla umeme haujakatwa, maana mgao bado upo. Tangu asubuhi nilisikia sokoni kwamba vijana wa idara ya kufuma wamejiandaa. Kweli naingia bwaloni namkuta Salum mstari wa pili, kikapu cha nyanya masalo kipo miguuni, zile zilizokwisha kulainika.

"Salum, baba, hizo za mchuzi?"

"Za salamu, dada Martina," akasema, na wenzake wakacheka.

Nilikaa nimeshika rozari mfukoni, punje zinateleza kwa jasho.

Malaika alikuja akaenda. Schola aliimba vizuri, Padri mstari wa kwanza anatikisa kichwa kwa furaha. Kisha tarumbeta ikalia, Athanas akatokea, shuka nyeupe begani na karatasi mkononi. Watu walipoiona ile karatasi, bwalo zima lilinyamaza vile vile kama getini siku ile. Halafu mmoja akaanza, wuuu, na wengine wakapokea.

"Msomaji huyo!"

"Leo unamfukuza nani? Yosefu?"

"Maria mpe notisi ya miezi mitatu, mjamzito huyo!"

Miguu ikapigwa sakafuni mpaka nikahisi benchi linatetemeka. Mwalimu Erick anazunguka na noti zile zile kwenye kinanda akimngoja aanze. Athanas mdomo wazi, sauti hakuna. Salum akapandisha kikapu mapajani. Nikasema, Bwana wangu, kama ni kupigwa na apigwe, ila mtoto wake asione. Na mtoto wake yupo pale pale jukwaani, hatua tatu kutoka kwake.

Ndipo akainuka Bibi Mosi.

Hujamsahau, mfagiaji wa bwalo, mama yake Stambuli. Jina la Stambuli ndilo lililosomwa la kwanza siku ile. Unajua yeye na Athanas walivyokuwa wakitaniana, Mluguru na Mnyamwezi, haipiti asubuhi hajamtukana. Tangu Agosti akamnyima hata utani. Nakuambia, katika yote, hilo ndilo lililomuumiza mume wangu zaidi, maana mtani akikunyima matusi ujue amekuhesabu mtu baki.

Alipanda ngazi za jukwaa mkono kiunoni, akaenda kumchoma kidole kifuani.

"We Mnyamwezi! Babu yako alibeba pembe kutoka Tabora mpaka pwani, wewe karatasi moja imekushinda?"

Watu wakacheka, na wengine nadhani hawakutaka kucheka.

"Miezi minne umebeba majina yetu, mgongo umepinda, hutui wala husemi. Ulitusoma tukatoka. Haya, leo tusome tuingie! Tua, mbeba mizigo, tua!"

Athanas akamtazama. Akaikunja ile karatasi, akaichomeka kiunoni. Akafumba macho, akachukua sauti ile ile aliyotunga Mwalimu Erick ya kuita ukoo wa Daudi, lakini hakuita ukoo wa Daudi.

"Stambuli Saidi!"

Katika mchezo, anayeitwa hujibu, nipo, niandike. Kwaya wakatazamana. Bibi Mosi, bado yuko jukwaani, akawageukia watu. "Yupo! Yuko Kilombero anakata miwa. Mwandike!"

"Zuleha Mohamedi!"

Kutoka nyuma kabisa, sauti kama ya mtu aliyeitwa dirishani hospitali: "Nipo. Niandike."

Akaendelea kwa mpangilio ule ule wa getini. Kumbe yote alikuwa nayo kichwani. Nilikuwa nikimsikia akinong'ona anaponawa uso asubuhi, nikidhani anasali. Wengine waliitikia, wengine walinyamaza. Bwana mmoja mlangoni akasema, "Upuuzi huu, majina yatanipa kazi?" akatoka. Lilipofika jina la Salum, Salum hakuitika. Alisimama, akamkazia Athanas macho muda mrefu na kikapu mkononi, nikajua ndiyo sasa. Akakiweka chini, akatoka. Simlaumu, wala wewe usimlaumu.

Mimi kwa kila jina nilisogeza punje moja ya rozari. Mungu anisamehe kama ni dhambi, sikuwa nikisali, nilikuwa nahesabu, maana nalijua jina lako ni la ngapi. Kumi la kwanza likaisha, la pili likaisha, la tatu likaisha.

"Severin Yakobo!"

Hakuna aliyejibu. Kwa wengine waliokosekana alikuwa akipita. Kwako hakupita. Akarudia, polepole, bila kuimba. "Severin Yakobo." Hakunitazama. Nikajikuta nimesimama.

"Yupo," nikasema. "Mwandike."

Nikakaa. Nimesema yupo mbele ya watu wote, mbele ya hori la Bwana, na wala sijui. Tunasikia mashimo ya huko yanajaa maji, tunasikia watu wanashuka hawapandi. Nimesema kwa kuamini tu.

Alipomaliza la arobaini na tatu hakuna aliyepiga makofi. Padri ndiye aliyesema, "Tuendelee jamani, Maria amesimama na mto tumboni tangu saa ile." Watu wakacheka, wakapenga kamasi, mchezo ukaenda mpaka mwisho. Bibi Mosi alizichukua nyanya za Salum, akasema mboga ya bure haikataliwi. Jumanne asubuhi alipita mlangoni kwetu akamtukana Athanas tusi refu ambalo siwezi kuliandika. Mume wangu alirudi ndani, akaketi kitandani, akalia kama mtoto.

Lakini hilo ni la Jumanne. Jumatatu, baada ya mchezo, nilimkuta nyuma ya jukwaa amekaa juu ya robota la blanketi. Akaniuliza kama kuna jina alilokosea. Nikamwambia hakuna. Akauliza, "La Severin nani aliitikia?" Nikamwambia mimi. Akasema nikuandikie, nami naandika kama alivyosema bila kupunguza: "Mwambie nilijua siku tatu kabla. Jioni ile namsogezea bakuli nilikuwa najua."

Hakutaja sababu, nami sikumwuliza. Langu ninalo pia. Siku zile tatu nilimwona anaacha chakula, nikanyamaza, niliogopa atanijibu. Kwa hiyo hukuwa na adui mmoja katika meza ile, mdogo wangu. Sikuambii umsamehe leo. Hilo ni lako na Mungu, na Mungu hana haraka kama mimi.

Schola anakuamkia mjomba wake, anasema posa imekuja lakini hakuna wa kuketi na wageni usipokuwepo. Mama anakusalimu sana, ametuma na karanga, Paulo anazo. Bibi Mosi anakusalimu. Wasalimu unaolala nao chumba kimoja, ingawa siwajui majina. Mungu akushike mkono unaposhuka shimoni, akushike tena unapopanda, na Bikira Maria asikuache.

Paulo atakaa huko siku nne kabla ya kugeuza lori. Nilisema yupo, Severin, usiniache na neno hilo peke yangu. Hata kipande cha karatasi, hata mistari miwili ya hasira, mradi niuone mwandiko wako. Naomba unijibu upesi.

Dada yako akupendaye daima,

Martina