Sifuri za Saa Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Machi
Wa alfajiri: 11.
Barua ya jiji imefika. Msimamizi ameibandika kando ya dirisha langu la tiketi, kisha akaisoma kwa sauti kana kwamba mimi sijui kusoma. Mabwawa ya kuogelea ya umma ni matano. Mawili yatafungwa kabla ya Juni. Afisa atapita kila bwawa kukagua rejista ya waogeleaji.
“Sisi tulale usingizi,” amesema. “Jiji zima hakuna rejista safi kama yako.”
Kweli. Miaka sita, hata ukurasa mmoja hauna doa.
Sijamwambia Kaka.

Jumatano, 5 Machi
Wa alfajiri: 11. Mwalimu mstaafu amekuja na kofia mpya, ya waridi. Wamemcheka. Akawajibu kwamba wenye vipara wana wivu.
Kaka ametembea upana wa bwawa mara kumi na nne. Tangu aanguke kutoka ghorofa ya tatu akipiga plasta, nchi kavu ni mzigo: Wifi kushoto, mimi kulia, miguu inaburuzika kama ya mtu mwingine. Majini anatembea peke yake. Mikono kifuani, kama bosi anayekagua kazi ya vibarua.
Ndiyo maana nilianza kufungua mlango wa pembeni saa kumi na mbili. Kanuni inasema mtu asiingie majini kabla mwokoaji hajafika, saa mbili. Lakini saa mbili wanafunzi wameshajaa, wanarukaruka, na kiwimbi kidogo tu kinamwangusha. Nilianza na Kaka. Akaja mwenzake wa wodini. Wakaja wenye magoti mabovu. Siri ya watu kumi na mmoja, na hakuna aliyeivujisha!
Ila rejista ina mstari wa saa 12 hadi saa 2. Ulichapwa zamani, bwawa lilipokuwa likifunguliwa mapema. Kila siku naujaza: 0. Idadi ya kweli naiandika humu tu.

Ijumaa, 7 Machi
Wa alfajiri: 10. Mwenye goti la kulia ana mafua.
Afisa amekuja. Mwanamke mpole, viatu vya raba, kompyuta mgongoni. Amefanyia hesabu zake mezani kwangu. Umri wa jengo — tuko katikati. Umbali hadi bwawa jingine — tunapata alama nzuri. Watu kwa saa — hapo ndipo tunapozama. Mchana tunawashinda wote. Zile saa mbili za alfajiri, zenye sifuri, zinatuvuta hadi nafasi ya nne.
Nikamwambia saa hizo tunakuwa tumefunga.
“Taa zinawaka saa kumi na mbili, dada. Matumizi yenu ya umeme nimeyaona. Halafu mngekuwa mmefunga, mngeuacha mstari wazi. Palipo wazi tunaruka. Sifuri ni jibu. Maana yake mlifungua, hakuja mtu.”
Wenzetu wote wana mstari uleule. Wameuacha mtupu. Uvivu tu. Mimi siwezi kuacha nafasi tupu, hata kwenye fomu ya hospitali niliandika “simu ya nyumbani: haipo.”
Nimejipalia makaa kwa mkono wangu, siku baada ya siku, kwa mwandiko mzuri.

Jumamosi, 8 Machi
Wa alfajiri: 10.
Nimemweleza msimamizi yote. Alikuwa anakula karanga. Akaacha.
“Ngoja nikuelewe, mama. Sifuri ikiwa kweli, bwawa linafungwa. Ikiwa uongo, umewaingiza wagonjwa majini bila mwokoaji miaka sita, na sahihi yangu iko chini ya kila ukurasa. Bwawa linafungwa vilevile. Sisi tunafuata.”
Nikasema labda afisa ataelewa.
“Ataelewa sana. Hiyo ndiyo shida.”
Kisha, kwa sauti ya chini: nyamaza, tuzame kimyakimya.
Nilirudi dirishani nikakata tiketi hadi jioni.

Jumapili, 9 Machi
Tumefunga.
Kaka amesikia mpango wa jiji redioni. Nilimkuta ameketi kitandani, Wifi anamnyoa ndevu, anazungumza na povu mdomoni. Kikao cha wananchi ni Jumanne na ameshaandikisha jina. Wa tisa.
“Watasema hakuna watu asubuhi? Sisi ni samaki?”
Wifi akamwambia atulie, atakatwa sikio. Hakutulia.
“Bwawa jingine ni mabasi mawili. Kunipandisha moja tu mnaitana mtaa mzima. Siendi. Nitalala hapa mpaka mnizike. Lakini hawatufungi, ng’o! Daftari lipo. Mdogo wangu huyu ametuandika kila siku iliyopita.”
Wifi akanitazama kwenye kioo. Anajua kanuni. Hajui kuhusu sifuri.
Nilikwenda kuosha beseni la kunyolea. Lilikuwa safi tayari.

Jumanne, 11 Machi, ukumbini
Wa alfajiri: 11. Wote wamekuja, safu ya nyuma, nywele hazijakauka.
Naandika kwa sababu sijui mikono niiweke wapi.
Kaka ameitwa. Wifi na mwalimu mstaafu walimsimamisha. Alisema vizuri kuliko alivyofanya mazoezi. Majini mimi ni mtu, alisema. Watu wakapiga makofi. Afisa alisubiri yakatulia, akafungua rejista yangu mezani, akamsomea kwa upole: saa kumi na mbili hadi saa mbili, sifuri. Jana yake, sifuri. Mwaka jana, sifuri.
Kaka akacheka! Akasema hapo pana kosa la karani, maana mdogo wake hakosei. Yule pale. Mwiteni awasomee.
Kipaza sauti kikakatika.
Fundi yuko chini ya meza, anahangaika na waya. Msimamizi, upande wa pili wa ukumbi, anatikisa kichwa polepole, bila kuniondolea macho. Wameleta kiti, Kaka amekikataa. Wifi amemkumbatia kiunoni. Kaka anatabasamu, amelielekezea kidole daftari hili ninaloandikia — anadhani ndilo daftari la kazi. Lina idadi zote. Lina na mengine yote.
Fundi ametoka chini ya meza. Amegonga kipaza sauti mara mbili. Kinasikika.