Mchwa Kwenye Mbao za Ghala la Ngoliba

Jumapili jioni, Mwiki. Mawingu yametanda tangu asubuhi bila kutoa hata tone, na mimi nilikuwa hivyo hivyo hadi mchana, nikitaka kulia nisilie.

Mama alikuwa aje saa sita mchana. Saa mbili asubuhi nilitoka kuchuma sukuma wiki, nikaweka goti kwenye ubao wa kitalu kama kawaida yangu, na goti likazama. Kwa nje ubao ulikuwa mzima. Ndani ulikuwa udongo mtupu, na mchwa weupe wakikimbia mwanga.

Nilikaa chini hapo hapo na nguo yangu ya kanisani.

Mbao hizi ni za ghala la mahindi la kwetu Ngoliba, ambalo baba alilijenga kabla sijazaliwa. Baba alifariki nikiwa darasa la sita. Mwaka jana kaka yangu alipobomoa ghala ili ajenge nyumba ya mawe, niliomba mbao tu, sikutaka kitu kingine. Nikazileta hapa kwa pikapu, nikaundia vitalu vitatu vya kuinuliwa nyuma ya nyumba. Kila jioni nikimwagilia mboga nilipitisha mkono juu ya mbao, nikijiambia kwamba mkono wa baba ulipita hapa.

Ghala lile nalikumbuka kuliko ninavyoikumbuka sauti yake. Lilinuka mahindi makavu na oili chafu ya injini, ile baba aliyokuwa akiiomba gereji za Thika ili apake mbao. Miguu ya ghala ilisimama juu ya mawe bapa. Sisi watoto tulikatazwa kuegemeza kitu chochote hapo, hata kijiti, maana mchwa wa Ngoliba hawahitaji ngazi kubwa. Jioni baba alilizunguka akikagua mguu mmoja mmoja, akipiga mluzi, na nilidhani kila baba duniani hufanya hivyo.

Sasa mimi niliyelelewa hivyo nilifanya nini? Njiani nilipitisha mbao kwa fundi mmoja wa mtaa wa Landless, pale Thika, akazipiga randa mpaka zikang'aa, kwa sababu sikutaka oili karibu na mboga. Kwa hilo naweza kujitetea. Lakini nikazikalisha moja kwa moja kwenye ardhi, na chini ya udongo wa vitalu nikatandika katoni ili kuzuia magugu, kama nilivyoona kwenye video ya mzungu mmoja mwenye bustani safi. Kwao labda hakuna mchwa. Mimi niliwaandalia karamu.

Nilifukua kitalu cha kwanza kwa mikono, kisha cha pili. Katoni zilikuwa zimeliwa karibu zote, na vijia vya udongo vilipanda kutoka hapo hadi kwenye mbao. Nikamwaga majivu ya jiko, huku nikijua najidanganya. Dawa ya duka la kilimo sikuitaka kwenye mboga tunayokula. Mwishowe nikafunika ubao ule kwa gunia mama asiuone. Nina miaka arobaini na moja na nilikuwa naficha kosa kama mtoto aliyevunja kikombe.

Mama aliliona gunia kabla hata ya kuketi. Akaliinua, akabonyeza ubao kwa kidole.

"Maitu, ni hii inafanya uso wako ukae hivyo?"

Huniita maitu, yaani mama yangu, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake.

Nikamwambia nimeharibu kazi ya baba, kitu cha mwisho nilichokuwa nacho chake. Hapo machozi yakanitoka.

Alingoja nimalize. Kisha akasema polepole, "Mbao za baba yako ziliisha kitambo. Mchwa walimshinda hata yeye. Hizi niliweka mimi, moja moja, kila nikimaliza kuvuna. Na oili ya kuzipaka nilikuwa naibeba mwenyewe kutoka Thika."

Nilimuuliza mbona hakuniambia siku ile ya pikapu.

"Ulikuwa umefurahi sana ukizibeba."

Akakunja mikono ya sweta. Tulitoa katoni zote tukazichoma, tukatenga mbao nne ambazo bado ni nzima. Ameniambia ninunue mawe ya kujengea, nivipandishe vitalu juu yake, niache nafasi ya kuona chini, na kila wiki nivunje vijia vya mchwa kabla havijafika mbali. Alieleza huku ameinama, na miaka yake sabini na nne, bila kulalamika mgongo.

Nimemlilia baba karibu miaka thelathini na sijutii. Ila aibu ninayo. Wakati wote huo mama alikuwa hapo, na nilimpita nikienda kumtafuta mtu aliyekwisha kwenda.

Amelala chumba cha watoto. Kesho kabla hajarudi Ngoliba nitamkalisha na chai nimuulize: ni kitu gani kingine ulifanya wewe, nasi tukamshukuru baba?