Kisu cha Baba Kwenye Pindo la Kanga

Jumapili, 3 Desemba 1972

Kisu cha Baba ninacho mimi. Sijamwambia mtu. Mama hajui. Naandika hapa kwa kuwa lazima pawe na mahali pa kuliweka jambo hili.

Hizi ni kurasa za nyuma za daftari la Siasa. Darasa la saba limekwisha, kurasa zimebaki. Vibaya kuzitupa.

Leo nimeteka maji mara mbili. Kisima cha kijijini kimekauka, tunashuka bondeni. Kushuka si kazi. Kupanda na ndoo kichwani ndiko kazi. Kisu kimefungwa kwenye pindo la kanga, upande wa kulia. Kinanigusa nyonga kila hatua. Nisipokisikia nashtuka.

Ni kisu cha kukunja. Bapa moja tu. Mpini wa mti, mweusi kwa jasho la mkono wa Baba. Alikinunua Tanga, alipokwenda kukata mkonge kabla sijazaliwa. Mwalimu wetu wa Sayansi, mtu wa Bukoba, alikuwa na kisu chenye mkasi na kifungua chupa na vingine sijui vya nini. Kila akitaka kukata kitu alianza kufungua kisichohitajika. Tulicheka chini ya madawati. Cha Baba hukosei. Unafungua, kipo. Unakunja, hakipo.

Jumanne, 5 Desemba

Kazi za kisu leo: nimechonga penseli hii. Nimemenya muhogo, Mama alipokuwa shamba. Nimekata kamba ya ndoo iliyochakaa. Nimetenga korosho na mabibo yake bila kurarua. Nimetoa mwiba kisiginoni.

Panga ni la nyumba. Jembe ni la nyumba. Kinu, ungo, mtungi, vyote vya nyumba. Sikuwahi kuwa na kitu cha peke yangu isipokuwa daftari.

Mchana ndege imelia upande wa Ruvuma. Wareno. Wanawake bondeni wakaacha ndoo, wakaingia vichakani. Mimi nimechuchumaa, nimekishika kisu ndani ya kanga. Najua ni upuuzi. Kisu hakifiki mawinguni. Lakini mkono ulipata cha kushika, na moyo ukatulia.

Shangazi anakuja kesho kutwa. Arobaini ya Baba ni Ijumaa. Namwogopa Shangazi.

Alhamisi, 7 Desemba

Amefika. Amekagua nyumba kama mtu anayetafuta mchwa.

Kwetu vitu vya mwanamume haviendi kwa watoto wake. Vinakwenda kwa mtoto wa dada yake. Na jina pia. Kesho Hamisi, mwana wa Shangazi, atarithi jina la Baba. Anayerithi jina hukabidhiwa kitu cha marehemu alichokuwa akikishika kila siku. Mbele ya watu. Wazee walikwisha kukubaliana. Kitu cha Baba ni kile kisu.

Nilijua watakitaka siku moja. Sikujua ndicho kitakachobeba jina.

Shangazi ameumwaga mkoba wa Baba juu ya mkeka. Miwani. Tasbihi. Kadi ya chama. Shati moja. Akaukung'uta mkoba. Akamtazama Mama.

"Mama Somoe, kisu cha kaka yangu kiko wapi?"

Mama akasema hajui. Kweli hajui. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kisu kiunoni. Kilikuwa kizito kama jiwe la kusagia.

Niandike ilivyokuwa. Siku moja kabla Baba hajafa, Mzee Anselmo, jirani yetu, alikuja na kisu mlangoni. Alikuwa amekiazima kuchongea miko. Akanipa, akasema mpe baba yako. Nikampelekea. Baba hakukipokea. Akanifunga vidole juu yake. Akasema, "Kaa nacho wewe." Hakuna aliyesikia. Neno la marehemu lisilo na shahidi ni upepo. Na hata angekuwapo shahidi, Baba hakuwa na ruhusa ya kumpa mwanawe.

Je, nimeiba? Sijui. Sijui kabisa.

Ijumaa, 8 Desemba

Arobaini imesomwa. Watu wamekula ubwabwa. Jina halikutolewa.

Hamisi alisimama katikati ya uwanja mikono mitupu. Watu walitazama chini. Nimeona aibu kwa ajili yake, ingawa simpendi. Yeye ni mgambo, na binamu yangu. Hunitania mbele za watu, "Mke wangu huyu bubu, mahari yake nitapunguziwa." Leo hakutania.

Akauliza nani alikishika kisu mara ya mwisho. Mtu akajibu, Anselmo.

Mzee Anselmo alivuka Ruvuma miaka minne iliyopita, vita vilipochoma kijiji chao. Ana chale usoni na meno yaliyochongwa. Baba alimpa pahali pa kujenga kibanda mwisho wa shamba letu la korosho. Yeye ndiye aliyechimba kaburi la Baba, ilikuwa Ramadhani; swaumu hana, lakini hakunywa maji mchana ule mpaka sisi tulipofuturu.

Wakamwita. Akasema, "Nilikirudisha nyumbani."

"Ulimpa nani?"

Alinitazama mara moja, kwa haraka. Kisha akarudia, "Nilikirudisha nyumbani."

Mimi nilikuwa nasuuza sahani. Niliendelea kusuuza sahani.

Jumamosi, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Mgambo wameonyesha gwaride na bunduki za mti. Watoto wa shule wameimba. Mwenyekiti wa kijiji amehutubia, adui yuko ng'ambo na vibaraka wake wako kati yetu, tufumbue macho.

Watu wamefumbua macho. Wote wamemtazama Mzee Anselmo.

Baada ya gwaride Hamisi na wenzake wawili wamekwenda kupekua kibanda chake. Nimewafuata na wengine. Wametoa vitu nje. Sufuria. Blanketi. Miko mingi na pawa, mingine haijakwisha. Patasi moja. Hakuna kisu.

"Mmawia wewe wa ng'ambo," Hamisi akamwambia, "umemuuzia nani jina la mjomba wangu?"

Wengine wakacheka. Mzee Anselmo akaokota miko yake mmoja mmoja, akipangusa vumbi.

Sasa hakisemwi tena kisu. Wanasema kwa nini huyu mzee huzunguka peke yake bondeni. Wanasema moshi wa jiko lake hupanda ndege zikikaribia. Moshi wa kila mtu hupanda. Hakuna aliyesema hivyo. Mimi pia sikusema.

Jumatatu, 11 Desemba

Mzee Anselmo amenikuta naokota korosho. Nimesema shikamoo. Ameitika marahaba. Tumeokota pamoja muda mrefu. Nilitaka aniulize. Angeniuliza ningelia na ningesema.

Hakuniuliza. Aliinua bibo, akalitazama, akasema, "Kisu kisichotumika hushika kutu, mwanangu. Kipake mafuta kidogo penye bawaba. Ya nazi hapana, hugandamana. Ya nyonyo."

Akaenda zake.

Nimekaa chini mpaka kivuli kikahama. Anajua. Alijua tangu Ijumaa mbele ya watu wote. Neno moja tu, "Nilimpa Somoe", na yote yangekwisha kwake, yakaanza kwangu.

Jumanne, 12 Desemba

Nimepaka mafuta ya nyonyo. Kinafunguka kwa kidole kimoja. Nakichukia. Sikiachi.

Jumatano, 13 Desemba

Shangazi amekwenda kwa mwalimu wa chuo. Ijumaa baada ya swala itasomwa halbadiri. Aliyechukua kisu atavimba tumbo au ataokota makopo njiani. Imetangazwa nyumba kwa nyumba ili mwenye nacho akirudishe mapema.

Balozi wa nyumba kumi naye amesema jambo la mgeni litapelekwa Newala. Jumamosi watakuja watu kumchukua Mzee Anselmo. Watamhoji. Hakuna anayejua atarudi lini.

Basi nina siku mbili. Nimeapa hapa: kesho asubuhi namwambia Mama.

Baadaye. Sikungoja kesho. Nilimkuta Mama jikoni. Nilisema, "Mama." Akasema, "Nini?" Macho yake mekundu kwa moshi. Nikaona Shangazi amekaa nje ya mlango, anachambua mchele, mikono imesimama. Anasikiliza. Nikasema, "Chumvi imekwisha."

Haijakwisha.

Tumbo linaniuma tangu jioni. Nimelitazama mara nyingi. Si kubwa. Nadhani si kubwa.

Alhamisi, 14 Desemba

Nimeamka na shauri. Nitampelekea Mzee Anselmo kisu mwenyewe. Tutakwenda wote wawili kwa Shangazi, nitasema mbele yake nilikipokea mimi. Peke yangu siwezi. Akiwa ubavuni naweza.

Nimekwenda kabla jua halijapanda juu. Kibanda kitupu. Blanketi halipo. Sufuria haipo. Jivu la baridi. Nyayo zimeshuka njia ya bondeni, upande wa Ruvuma, zaidi ya pale tunapoteka maji. Huko hatuendi. Huko Wareno wametega mabomu kwenye vijia, ng'ombe wa watu wamekufa.

Nimefuata nyayo mpaka penye jiwe kubwa. Nikaita. Kwanza kwa sauti ndogo. Sina sauti nyingine. Nikaita tena. Nimerudi.

Kijiji kizima kinajua sasa. Wanasema mwizi kajionyesha. Hamisi anasema, "Si nilisema?" Anasema hivyo kwa kila anayepita.

Ijumaa, 15 Desemba

Shangazi hakukubali kuahirisha. Amesema dua itamfuata hukohuko aliko.

Wanaume wamesoma msikitini. Sisi wanawake tumekaa barazani kwetu. Sauti zilitufikia zikipanda na kushuka. Kisu kilikuwa kiunoni. Nilingoja tumbo livimbe. Nilisali livimbe, ili iwe wazi na nisihitaji kusema.

Wamemaliza. Sikuvimba.

Alasiri tumesikia mlio bondeni. Mmoja. Si radi, mbingu zilikuwa wazi. Kuku wakanyamaza. Mama akaweka mkono kifuani. Watu wakatoka nje wakatazama chini, moshi mdogo mweupe, mbali, kisha hapana moshi.

Shangazi alisema, "Imejibu."

Hakuna aliyeshuka kuangalia.

Jumapili, 17 Desemba

Siwezi kula. Mama anafikiri ni Baba.

Mtu aliyetoka Kitangari amesimulia bondeni, tukiteka maji, kwamba jana gari limepita likielekea Ndanda, hospitali, lina mtu aliyefunikwa, mguu mmoja. Nikamwuliza ana chale usoni? Nimeuliza mimi, mbele ya watu. Wote wamegeuka kunitazama. Akasema uso ulifunikwa.

Nilikuwa na swali la pili. Halikutoka.

Jumatatu, 18 Desemba

Hamisi amepewa jina. Wamemkabidhi miwani ya Baba badala ya kisu, mzee mmoja alitoa shauri hilo, na wote wakaona inafaa. Ilikuwa rahisi hivyo. Miwani ilikuwa kwenye mkeka siku zote.

Sasa yeye ndiye Baba yangu kwa jina. Nimempigia goti. Hakunitania. Ameniwekea mkono kichwani, amesema, "Mwanangu." Amesema kwa upole. Ningependa angetania.

Shangazi ameondoka na gari la mchana.

Jumatano, 20 Desemba

Mvua. Ya kwanza. Tumetega sufuria na ndoo zote kwenye michirizi, leo hakuna kushuka bondeni.

Ilipokatika nimekwenda kwenye kibanda cha Mzee Anselmo. Nyasi za paa zimeanza kulala. Nyuma ya mlango nimekuta mwiko mmoja waliousahau walipopekua. Umechongwa upande mmoja. Upande wa pili bado gogo.

Nimekaa kizingitini nikauchonga. Sijui kuchonga. Nimekwenda taratibu, makali yakitazama mbele, kama alivyofanya yeye. Bapa moja, mti mmoja. Maganda yameanguka mapajani. Nimemaliza jua likielekea kushuka.

Mama ameutumia kusonga ugali. Amesema mwiko mwepesi, nimeutoa wapi. Nimesema nimeuokota.

Kisu nimekifuta, nimekipaka mafuta ya nyonyo, nimekikunja. Kipo kwenye pindo. Kesho nitashuka nacho, na keshokutwa.

Zimebaki kurasa mbili. Sitaziandika. Nalifunga daftari kwa kamba ya mkonge na kuliweka juu darini, nyuma ya mtungi uliopasuka. Utakayelikuta, uwe nani, mimi sikujui. Umekwisha kuniona. Ukimwona mzee mwenye chale, wa mguu mmoja, mwambie ninakitunza. Wengine usiwaambie. Mama usimwambie.

Nakuomba.